Ile mia mbili iliyoumwa sio bandia, msiwape watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna jambo limenikaa moyoni tangu juma lililopita. Kuna ndugu yetu wa Muheza aliandika hapa hapa kwamba alirudishiwa chenji dukani na ndani yake kulikuwa na mia mbili ambayo pembeni imeingia ndani, kama imeumwa na jino, konda akaikataa, muuza machungwa akaikataa, mwisho kijiweni wakamwambia hiyo bandia, na yeye kwa hasira akawapa watoto wachezee. Akamalizia kwa kusema wanaotutengenezea sarafu wanatuletea takataka. Nilivyofika pale nikaweka kikombe cha chai chini. Jamani! Inawezekana kabisa ile sarafu ni halali, imetoka kiwandani ikiwa hivyo hivyo, na hao watoto sa hivi wanarusha kichwa na simba kwa kitu ambacho mwenye kukijua angekifunga kwenye kitambaa akakiweka pamoja na hati ya nyumba.

Mi ni fundi mstaafu, nimekereza vyuma hapa Tanga miaka 31, kwanza kwenye karakana za mashamba ya mkonge alafu mjini, na sarafu zenye kasoro nimezikusanya tangu niko shule ya msingi. Nasema zenye kasoro, sio za zamani tu, maana watu huwa wananichanganya na wale wa rupia. Wale wa mali za Mjerumani mnawajua, wanapiga simu usiku, mzee unayo rupia, kuna tajiri yuko hotelini anaitaka, sema anaomba kwanza utume ya kutolea. Yeyote anayekuja na maneno hayo ni mwizi, mfukuzeni. Mi naongelea kitu kingine kabisa, naongelea sarafu ambayo mashine ilikosea na kosa lenyewe likabaki pale kwenye chuma, mtu akilitazama vizuri anaweza kueleza kitu gani kilitokea siku ile kiwandani.

Ngoja nieleze zinavyotengenezwa maana bila hivyo mtu hawezi kunielewa. Mtazame mama anayekata maandazi ya duara kwa glasi. Unga umesukumwa mezani, glasi inashuka, inakata, inasogezwa, inakata tena. Sasa akiwa na haraka glasi ikashuka ikakanyaga kidogo lile tundu ambalo andazi la kwanza limeshatolewa, andazi la pili litatoka pungufu, limeliwa upande mmoja kwa mviringo ule ule wa glasi. Kiwandani ni hivyo hivyo, bati refu la chuma linapita chini ya vikatio, likichelewa kusogea hata kidogo tu basi kisahani kinachofuata kinatoka kimeumwa. Baada ya hapo visahani vinapita kwenye mashine ya kuinua ukingo, ndo vinaenda kugongwa. Kule kuna dai ya juu na dai ya chini, dai nina maana ule muhuri wa chuma wenye picha, na katikati kuna pete inayokishika kisahani pembeni kisitawanyike, inapigwa mara moja kwa uzito wa matani na picha zinaingia pande zote mbili kwa pamoja.

Pete ikikwama chini sarafu inatanuka kama chapati na ukingo wake unakosa yale meno. Kisahani kikikaa upande unapata nusu ya picha na sehemu nyingine tupu. Na kuna lile ninalolipenda kuliko yote, sarafu iliyokwisha gongwa inagoma kutoka, inagandia kwenye dai, alafu kisahani kipya kinaingia chini yake, kikigongwa kinapata picha sawasawa upande mmoja na upande wa pili kinapata ile ile picha imezama na kuangalia kinyume. Kosa hilo ni la kale mno, Warumi walipokuwa wanagonga denari za fedha kwa nyundo na mkono walikuwa wanalifanya, zipo mpaka leo zina zaidi ya miaka 2,000, ina maana fundi mmoja alisahau kuangalia dai yake akagonga tena, na sisi leo tunajua kwamba alisahau.

Nilianza vipi? Ilikuwa baiskeli. Mnaijua Tanga na baiskeli zake. Niko darasa la saba nilipeleka baiskeli ya mjomba kwa fundi mmoja Ngamiani, barabara ya nane, keria ilikuwa inacheza. Akafungua nati akatoa washa, kumbe washa yenyewe ni ndururu ya mkoloni, ile senti tano yenye tundu, mafundi walikuwa wanazitumia sana hivyo maana zilishakuwa hazinunui kitu. Akawa analalamika, washa hii kila nikikaza inakaa upande. Nikamwambia babu nipe niione. Tundu halikuwa katikati! Limesogea mpaka limekula ncha ya pembe, zile ndururu zina pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, basi pembe moja nzima na nyingine haina ncha. Mwaka 1952, jina la mfalme George wa sita limezunguka. Nilimwahidi washa mpya mbili akanipa bure akasema chukua tu mwanangu hiyo inanisumbua.

Mpaka leo ninayo, na nilipokuja kujifunza ufundi ndo nikaielewa. Tundu la ndururu linatobolewa kwenye kisahani kabla ya kugongwa, kwa hiyo dai ikishuka chuma kinasukumwa kidogo kuelekea kwenye tundu na ukingo wake unakuwa laini, ukipitisha kucha haishiki popote. Tundu lililotobolewa baadaye mtaani kwa kekee lina makali, na ukitumia kioo cha kukuzia unaona mikwaruzo inayozunguka. Yangu ni laini. Maana yake hakuna mtu wa mtaani aliyeigusa, ilizaliwa hivyo. (Na kwa sababu ya tundu hilo ndo maana ndururu na peni, ile senti kumi yenye tundu, hazikuwa na sura ya mfalme, ni jina tu. Edward wa nane aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, mwaka 1936, kwao Uingereza hawakuwahi kutoa sarafu za sura yake watu wazitumie, lakini jina lake liko kwenye senti kumi za Afrika Mashariki zilizonunua chumvi na kibiriti huku kwetu.)

Sasa hao walioanza mchezo huu kwa nguvu ni Wamarekani, na ninawataja kwa sababu walikuwa watu wa kawaida, wanafunzi na wavuta sigara, sio matajiri. Mwaka 1943 vita imepamba moto, shaba inatakiwa kwa ajili ya risasi, serikali yao ikaamua senti zote za mwaka ule zitengenezwe kwa chuma kilichopakwa zinki. Lakini visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimebaki, vikagongwa pamoja na vya chuma bila mtu kujua. Mwaka 1947 kijana wa miaka 16 anaitwa Don Lutes, wa mji wa Pittsfield, Massachusetts, akapewa senti moja hiyo kwenye chenji ya chakula cha shuleni. Akaona rangi yake sio. Kulikuwa na uvumi kwamba Henry Ford, yule mwenye kampuni ya magari, anatoa gari jipya kwa atakayemletea, yule kijana akauliza kwenye kampuni akaambiwa hakuna kitu kama hicho, akaandikia wizara ya fedha nao wakamjibu senti zote za 1943 ni za chuma, hakuna za shaba.

Hebu fikiri. Unayo mkononi, unaiona, na wenye mamlaka wanakwambia haipo. Kijana mwingine angeitumia kununulia peremende. Yeye akaiweka. Akaishi nayo maisha yake yote, akafariki mwaka 2018, na Januari 2019 ile senti ikauzwa kwa mnada dola 204,000. Sisemi hivyo ili mtu akaanze kuchimbua kapu la chenji akitafuta dola, ninachokipenda mimi pale ni ile miaka 70 ya kukaa na kitu ambacho wakubwa wamekikana, na huyu hakukisugua, hakukitoboa, hakukikata kuona ndani kuna nini.

Alafu kuna ile ya 1955. Kule Philadelphia dai moja ilitiwa picha mara mbili na mara ya pili ikawa imegeuka kidogo, maana enzi hizo dai ilikuwa inakandamizwa, inapashwa moto ilainike, inakandamizwa tena, sasa ikirudishwa sio sawasawa basi kila herufi inakuwa na mwenzake pembeni, kama unavyoona vitu viwili viwili ukiwa na homa kali. Zikatoka senti kama 20,000 mpaka 24,000 hivi, zimechanganyika na nzuri. Nyingi zilifika kwa watu kupitia mashine za kuuzia sigara, pakiti ilikuwa senti 23 na mtu anaingiza sarafu ya senti 25, kwa hiyo senti mbili za chenji zilikuwa zinawekwa kabisa ndani ya ile nailoni ya pakiti. Wavuta sigara wa kule ndo waliziona, mtu anafungua pakiti asubuhi anakuta tarehe imeandikwa mara mbili, na tangu hapo watu wengi sana wakaanza kutazama chenji yao kwa macho mengine.

Hata hivyo wakusanyaji wakubwa wa sarafu waliwadharau kwa muda mrefu. Kwao sarafu nzuri ni ile iliyokamilika, yenye kasoro ni uchafu. Hawa wa kasoro wakaziita sarafu zao FIDO, herufi nne za maneno ya kwao yenye maana ya vioja, vilivyopotoka, vyenye kasoro na vya ajabu. Wengine walikuwa wanakusanya aina moja tu, senti zenye sura ya rais wao Lincoln ambazo dai ilipata ufa mdogo kati ya B na E kwenye neno LIBERTY, ufa ukatokeza kama herufi I ndogo, basi wakaziita BIE na wakawa na chama chao cha BIE. Mtu akisikia hivyo ataona ni upuuzi, ufa kati ya herufi mbili! Mi siuoni upuuzi hata kidogo, mimi niliyeona dai ngapi zikipasuka karakanani naujua ule ufa, unaanza kama unywele, kesho unakuwa uzi, keshokutwa kipande kinamegeka, na wale watu walikuwa wanaweza kuzipanga senti zao na kuona dai inavyoelekea kufa siku hadi siku.

Miaka ya 60 Frank Spadone akawaandikia mwongozo wa bei, mwaka 1968 Arnold Margolis akaanzisha jarida la makosa peke yake, na mwaka 1983 vyama vyao viwili vikaungana kikawa kimoja kinaitwa CONECA ambacho kipo mpaka sasa. Lakini ninayemheshimu kuliko wote ni Alan Herbert, huyu alichukua vurugu yote akaipanga kwa maswali matatu, je kosa limetokea kwenye kisahani, kwenye dai, au wakati wa kugonga? Basi. Ukishika sarafu yoyote ya ajabu jiulize hayo matatu kwanza, na kama jibu halipo hata kwa moja ujue kosa limetokea mtaani, kwenye reli, kwenye moto wa jaa, au mikononi mwa mtu anayetaka kukudanganya.

Na sisi hatuna cha kwetu? Tunacho, na kikubwa! Mwaka 1916 Mjerumani amebanwa, manowari za Waingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka kwao haziji, na askari na wapagazi wanataka kulipwa. Wakaweka mashine kwenye karakana ya reli kule Lulanguru, karibu na Tabora, wakaanza kugonga za kwao, hela 20 za shaba nyekundu na za shaba njano, hela 5, na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Neno hela tunalolisema kila siku limetokana na hizo heller za Mjerumani, za kabla ya hapo na hizo za Tabora. Sasa vifaa vilikuwa vya kuungaunga, dai zikachoka na kupasuka, wakachonga nyingine, kwa hiyo hela 20 za Tabora hazifanani, nyingine taji kubwa, nyingine taji dogo, ncha za zile L mbili kwenye neno HELLER nyingine zimechongoka na nyingine zimejikunja, uzito haulingani, picha zimekaa upande, nyufa kila mahali. Ukitaka kuona mafundi wanahangaika vitani tazama sarafu hizo. Ziko nyingi bado nchini, kwenye mikoba ya mabibi, na wenyewe hawajui kama hazifanani.

Hapa nina jambo langu ambalo linaniuma mpaka leo. Baba yake bibi yangu alikuwa mpagazi kwenye vita ile, akarudi na hela 20 tatu za Tabora, bibi akazirithi akaziweka kwenye kimkoba cha ukili chini ya mto. Moja ilikuwa na ufa unaotoka kwenye taji mpaka ukingoni, umetokeza juu, ukipitisha kidole unauhisi. Bibi alikuwa anaiita yenye nywele. Nilivyoanza mambo yangu ya sarafu akanipa hiyo, nikaenda nayo pwani Raskazone na ndimu na jivu na kumbi la nazi, nikakaa pale kwenye mchanga nikaisugua jioni nzima kwa sababu nilitaka iwe inang'aa kama dhahabu. Ikang'aa. Ule weusi wake wa miaka 50 wote ukaondoka na ufa ukalainika nusu yake, kwenye taji hauonekani tena kabisa. Nikampelekea bibi kwa furaha. Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba, akaniuliza, mjukuu wangu, ile nywele iko wapi? Hakunigombeza. Akairudisha kwenye mkoba na hakunipa tena mpaka alipofariki.

Ndo maana naandika kwa uchungu Mhariri, kila mwezi naona sarafu zinaletwa kwangu zimesuguliwa msasa, zimetobolewa ziwe vidani, zimechovywa tindikali ya betri. Mtu anadhani anaongeza thamani. Rangi ile nyeusi au ya kijani kibichi haikuzuii kuona kosa, kusugua ndo kunalifuta, na hata mnunuzi mgeni akija kitu cha kwanza anaangalia kama imeoshwa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Muheza, naomba uende kwa watoto uichukue ile mia mbili, wape nyingine. Usiioshe. Itazame pale ilipoumwa, je umbo lake ni mviringo mzuri kama kipande cha duara, au imenyooka na ina mistari mistari? Mistari ni tupa, mtu ameikata. Alafu tazama herufi zilizo karibu na pale palipoumwa, kama zimekatwa ghafla kama kwa kisu hiyo sio ya kiwandani, ila kama zinafifia na kuvutika kuelekea kwenye pengo basi una dalili nzuri. Kubwa kuliko zote geuza uangalie upande ulio mkabala kabisa na pengo, ukingo wa pale unatakiwa uwe umefifia, umelala, maana ile mashine ya kuinua ukingo inabana kisahani pande mbili zinazoelekeana, na pengo likifika upande mmoja basi mkabala wake unakosa wa kusukumana naye. Hiyo mtu wa tupa hawezi kuiiga, anakata tu pembeni na upande wa pili anauacha ukiwa mzima. Ukiweza iweke kwenye mizani ya sonara ulinganishe na mia mbili nyingine ya mwaka ule ule, itapungua kwa kiasi cha lile pengo na sio zaidi.

Na wasomaji wengine mkikuta sarafu ina sura iliyozama upande mmoja msikimbilie kufurahi, kuna watu wanaweka sarafu mbili kwenye jiliwa wanazibana zinachapana, utazijua kwa sababu ukingo wa upande wa pili unakuwa umepondeka na picha yake imelala. Wamarekani wenyewe wametapeliwa sana na senti za 1943 zilizopakwa shaba juu ya chuma, sumaku ikizishika tu uongo umeisha, na wengine walichukua ya 1948 wakaikwangua ile 8 ikawa 3. Bei nazo msitegemee makubwa, iliyoumwa kidogo ni kitu cha kawaida kwa wakusanyaji, mi mwenyewe nimeshawahi kubadilishana na mtu kwa mkungu wa ndizi na tukaachana kila mmoja ameridhika.

Mi niko barazani kwangu Ngamiani kila Jumamosi baada ya Alasiri, kioo ninacho, mizani ninayo, na ile ndururu ya 1952 ipo mtu akitaka kuona tundu la kweli linavyokuwa. Silipishi chochote. Hela yenye nywele nayo ipo, nusu yake. Ndugu wa Muheza kama Tanga ni mbali kwako basi mwandikie tena Mhariri useme kitu kimoja tu, ukingo mkabala na pengo umefifia au haujafifia? Nitakuwa naangalia ukurasa huu.

Fundi Mstaafu,
Ngamiani, Tanga